Mipira ya kulanti kwenda tangi la maji moto kwenye boti ya matanga (Yanmar 3GM30F): mpira wa hita ya gari unafaa au haufai?

#1 Ngama_Kavu
Wakuu salama. Nipo Kilifi, naangalia boti ya matanga ya futi 36 ya mzee mmoja Mholanzi. Yeye yuko kwao, anarudi kaskazi ikianza. Injini ni Yanmar 3GM30F. Ile mipira miwili inayotoa kulanti (maji ya kupozea injini) ya moto kwenye injini, kuipeleka kwenye tangi la maji ya kuogea (lita 22, limefungwa chini ya kitanda cha tezi, yaani nyuma ya boti) na kuirudisha, imekakamaa. Ukiikunja kidogo inaonyesha nyufa, na mmoja umeungua pale unapopita jirani na bomba la moshi.

Mwenye boti anataka niagize mpira "wa baharini" kutoka Ulaya. Usafiri peke yake unazidi bei ya mpira. Mimi nasema wa hita ya gari unatosha, kulanti ni ile ile na joto ni lile lile. Nani anapinga, na kwa sababu gani? Halafu nibadili yote miwili au huu ulioungua tu?

#2 Kiroboto
Maji ya moto, Kilifi? Huyo mzee anaoga au anajichemsha?

#3 Bint_Mtwapa
@Kiroboto njoo ulale ndani ya boti huku Mtwapa mwezi wa saba, kusi inavuma na mvua imekulowesha hadi mifupani, ndipo uulize.
Ngama badili yote miwili. Imezaliwa siku moja, itakufa wiki moja.

#4 Spana14
Wa gari unatosha, ila soma maandishi ubavuni kabla hujalipa. Unaotakiwa ni wa EPDM (aina ya mpira wa kiwandani) wenye nyuzi za kuuimarisha ndani, na mingi huandikwa SAE J20R3, ndilo daraja la mipira ya hita. Muuzaji asikupe wa dizeli wala wa upepo kwa maelezo kwamba "unene ni huo huo". Ule wa plastiki unaoonyesha ndani usiuguse kabisa. Kulanti ya nyuzi 80 inaulegeza, unachomoka kwenye klipu mkiwa katikati ya mkondo.

Kipimo ni kipenyo cha ndani. Boti nyingi za ukubwa huo zina 16 mm au 19 mm, na upande wa injini unaweza usilingane na upande wa tangi. Pima midomo yote minne, yaani vile vibomba mipira inapochomekwa. Mpira wa 19 kwenye mdomo wa 16 haubanwi na klipu, unafanya mkunjo tu na kuvujia hapo hapo.

Na usivute ule wa zamani kwa nguvu. Upasue kwa kisu kwa urefu, uubandue. Midomo ya tangi mingi ni ya shaba nyembamba, ukiipindisha umenunua tangi jipya.

#5 MzeeWaKusi
Mwanangu Spana kasema vema ila kaacha jambo. Kwenye gari mpira wa hita uko hewani. Kwenye boti unalala ngamani, kule chini kabisa maji machafu yanakokusanyika, na ngama ya boti ya zamani haikosi dizeli na oili. EPDM inavumilia joto na kulanti miaka mingi, lakini mafuta ni adui yake, inavimba na kulegea. Kwa hiyo ipitishe juu ya ngama, uifunge ubavuni kila baada ya nusu mita, na kila inapopenya ukuta wa mbao uivalishe kipande cha mpira mkubwa zaidi. Mtetemo wa injini ya silinda tatu unasaga kama tupa.

#6 Turbo_Tanga
Mnajitesa. Weka silikoni ya bluu. Inahimili hadi nyuzi 170, unaweka na kusahau.

#7 Spana14
> Turbo_Tanga: Inahimili hadi nyuzi 170

Nani kakwambia tatizo ni joto? Kulanti ya injini hiyo ikiwa nzima haifiki hata 100. Silikoni ni laini. Klipu za kawaida zenye mikato kwenye utepe zinaitafuna, hivyo inataka klipu za utepe laini ndani. Ikisuguliwa inachanika mapema kuliko EPDM. Dizeli na oili haizipendi vilevile. Isitoshe kulanti hupenya polepole kwenye ukuta wake, utakuwa unaongeza kidogo kidogo na huoni inavujia wapi.

#8 Turbo_Tanga
Subaru yangu ina silikoni miaka yote hiyo na haijadondosha tone.

#9 Kiroboto
Subaru yako nayo inalala ngamani?

#10 Baharia_Rotterdam
Niko Uholanzi, nafanya kazi yadi ya boti. Mwambie huyo mzee mwenye boti asihangaike. Mpira mzuri wa hita wenye maandishi ya daraja unatosha.

Pesa aliyotaka kutumia kwenye mpira aiweke kwenye klipu. Nunua chuma cha pua cha 316, na uangalie skrubu nayo isiwe ya chuma dhaifu. Zipo klipu zenye utepe mzuri na skrubu inayooza, kwa mbali zinang'aa zote sawa. Sumaku inasaidia kidogo: ikinasa skrubu kwa nguvu, iache dukani.

Wapo wanaopitisha bomba la shaba njia nzima na kuacha mpira mfupi kila mwisho wa kumeza mtetemo. Kwa umbali wa mita mbili tatu sioni faida.

#11 MzeeWaKusi
Klipu weka mbili mbili.

#12 Baharia_Rotterdam
Mzee shikamoo. Mbili mbili ni kwa mipira ya maji ya bahari iliyo chini ya mstari wa maji, kule ikichomoka boti inazama. Midomo ya tangi la maji moto mingi ni mifupi, klipu ya pili inakaa nusu hewani na kuukata mpira. Moja nzuri, iliyokaa nyuma ya ule ukingo wa mdomo, inatosha.

#13 MzeeWaKusi
Marahaba. Mimi nimezeeka na mbili mbili zangu, hazijanikata.

#14 Dago_la_Kati
Kabla hamjamnunulisha mtu mipira, hiyo injini thamostati yake (valvu inayofunguliwa na joto) inafungua nyuzi 42. Maji ya kuogea ya moto yatatoka wapi? Mtampa mzee uji.

#15 Spana14
@Dago hiyo 42 ni ya 3GM30 inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari. Zile zinafanyishwa kazi baridi makusudi, maana maji ya chumvi yakipata joto kubwa chumvi inaganda ndani ya njia za maji. Ya Ngama ni 3GM30F. Ina mzunguko wake wa ndani wa kulanti na kipozeo kinachopitisha maji ya bahari pembeni. Thamostati yake huanza kufungua nyuzi 71. Hapo maji ya moto yapo, tena ya kuunguza.

#16 Dago_la_Kati
Sawa, nimeelewa hiyo F.

#17 Ngama_Kavu
Shukrani wote. Nimepata 16 mm, J20R3, duka la spea za malori, na midomo yote minne ni 16. Kazi naanza kesho. Swali la haraka: kulanti ya zamani naimwaga vipi? Mpira wa chini uko chini kuliko injini, nikiufungua yote inaingia ngamani.

#18 Chumvi_Nyingi
Kabla hujagusa klipu ZIMA PAMPU YA NGAMA, ile inayojiwasha yenyewe. Usipoizima, kulanti yote itapelekwa kwenye kreki, huo mkono wa bahari, na huna habari. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli. Ni sumu na ina utamu, mbwa na paka huilamba wakafa. Weka beseni chini, ziba mdomo wa injini kwa kizibo mara tu unapouchomoa, na unachokusanya ukiweke kwenye dumu lenye maandishi. Siyo chupa ya maji ya kunywa! Injini iwe baridi kabisa, na mfuniko ufunguliwe kwa kitambaa, nusu mzunguko kwanza.

Kama mfuko unaruhusu, jaza kulanti ya propilini glaikoli safari hii. Koili ya tangi (bomba lililozungushwa ndani yake, kulanti hupita humo) ikitoboka, hayo ndiyo yatakayokutana na maji anayosukutulia mzee. Propilini sumu yake ni ndogo sana ukilinganisha.

#19 Turbo_Tanga
Kulanti ya nini pwani? Hakuna barafu Kilifi. Maji ya bomba yanatosha.

#20 Chumvi_Nyingi
Barafu haipo, kutu ipo. Ndani ya kulanti mna dawa ya kuzuia kutu, na hapo una chuma, shaba na aluminiamu kwenye mzunguko mmoja. Maji ya visima vya pwani yana chokaa, inaganda kwenye koili. Changanya na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Na usiamini rangi. Kijani ya kampuni moja siyo kijani ya nyingine, soma kopo.

#21 Ngama_Kavu
Mrejesho. Mipira yote miwili mipya imeingia kwenye midomo ile ile, klipu 316, hakuna tone. Ili niepuke bomba la moshi nimebadili njia, sasa inapanda nyuma ya betri, inavuka juu ya ubao kisha inashuka kwenye tangi. Nimejaza kulanti, nimewasha injini ikiwa imefungwa kwenye boya, kama nusu saa. Injini haina neno, kengele ya joto kimya. Lakini mpira wa kwenda ni moto hadi nusu ya njia tu, wa kurudi ni baridi, na tangi ni baridi. Shida nini?

#22 Spana14
Hewa. Umejibu mwenyewe: "inavuka juu ya ubao kisha inashuka". Pale juu hewa imekaa, na pampu ya injini haina nguvu ya kuisukuma. Pampu ile ni ya kuzungusha, siyo ya kusukuma mlima. Ishushe, iwe na mteremko mmoja usiorudi nyuma. Kama haiwezekani weka kifunguo cha kutolea hewa pale juu. Kisha chomoa mpira wa kurudi upande wa injini, uinue, jaza kwa faneli upande wa tangi hadi itoke bila mapovu, ndipo urudishe.

#23 MzeeWaKusi
Swali ni tangi liko juu au chini ya mfuniko wa kulanti wa injini. Likiwa juu, hata ukishusha mipira hewa itakimbilia kwenye koili. Hapo unahitaji kichupa cha kulanti kingine, kiwe ndicho kilicho juu kuliko vyote, chenye mfuniko wa shinikizo, na ule wa injini uzibwe.

#24 Ngama_Kavu
Nimeweka pima maji. Sehemu ya juu ya tangi iko sawa na mfuniko, labda juu kwa upana wa vidole viwili.

#25 Baharia_Rotterdam
Naomba nipingane nanyi wote. Inawezekana hakuna kilichoharibika. Piga hesabu. Lita 22 kutoka nyuzi 27 hadi 65 zinahitaji kama kilojuli 3,500. Koili ikipokea kilowati 3 ni dakika 20 hivi. Lakini dizeli ndogo inayonguruma tu kwenye boya, bila mzigo, haitoi joto hilo. Thamostati imefunga, na injini yenyewe inahangaika kupata moto. Ikikupa kilowati 1 ni kama saa nzima, na hapo ni kama hakuna joto linalopotea njiani. Tia gia, toka nje, ipe mzigo.

#26 Spana14
Baharia, hesabu yako safi ila haielezi mpira kuwa moto hadi nusu. Kungekuwa na mtiririko joto lingefika hadi mwisho, hata kama ni dogo.

#27 Baharia_Rotterdam
Mtiririko mdogo unaweza kupoa njiani, hasa mpira usiovishwa. Sijasema hakuna hewa kabisa. Nasema nusu saa kwenye boya siyo kipimo.

#28 Bint_Mtwapa
Mnasahau koili. Kuna boti tuliyoshika hapa, mtu kabla yetu alichanganya kulanti za aina mbili, ndani ya koili ya tangi ukaganda utelezi mzito. Mipira mipya, hewa hakuna, na bado baridi. Tuliingiza maji ya bomba upande mmoja wa koili, upande wa pili yakatoka kwa kudonda. Tulisukuma maji ya moto mbele na nyuma mpaka uchafu ukalegea. Ngama jaribu hilo kabla hujahamisha chochote, ni kazi ya dakika chache.

#29 Fundi_Gerezani
Mimi ni wa magari, mniwie radhi kuingia baharini. Fenibelti umeiangalia? Kama pampu ya kulanti inaendeshwa na beliti na beliti imelegea, injini haitachemka ikiwa haina mzigo, lakini kule mbali kwenye hita haifiki. Na wakati wa kuchomoa mipira watu husukuma altaneta bila kujua.

#30 Dago_la_Kati
Au amegeuza, wa kwenda ameuweka wa kurudi.

#31 MzeeWaKusi
Kwenye tangi kugeuza si neno, koili haijui mbele na nyuma, ingawa wa moto kuingilia juu au chini wengine wanabishania. Kwenye injini ndiyo kuna maana. Mmoja uchukuliwe upande wa moto kabla ya thamostati, wa pili urudi upande wa pampu inakonyonya. Ukiweka yote miwili upande mmoja hakuna tofauti ya shinikizo, kulanti haina sababu ya kutembea. Ila huyu kasema amerudisha kwenye midomo ile ile, kwa hiyo silioni hilo.

#32 Kiroboto
Mfuko mweusi wa lita 20 juu ya sitaha, saa sita mchana. Hauna klipu, hauna hewa, hauna Mholanzi.

#33 Bint_Mtwapa
Kiroboto leo umesema la maana. Nusu ya boti za hapa zinafanya hivyo. Tatizo ni saa moja usiku na siku za mawingu.

#34 Turbo_Tanga
Hita ya gesi ya papo kwa papo basi, kama za Dar.

#35 Chumvi_Nyingi
Usimwue mtu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani na kukaa huko ikingoja cheche ya pampu. Na moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa una kaboni monoksaidi, haina harufu, unalala huamki.

#36 Shungwaya
Mmenikumbusha jahazi la mjomba, lilifungwa injini ya lori. Maji ya bahari ya kupozea yalitoka ubavuni yakiwa na joto la kuogea, mabaharia walifulia na kuoshea sufuria pale pale. Mfumo wa maji moto bila tangi wala mpira wa J20 nini sijui.

#37 Kiroboto
Na chumvi ya mboga humo humo.

#38 Mutrah_Kwetu
Salaam kutoka Muscat. Sijaona mtu kauliza jambo moja: kichupa cha akiba cha kulanti, kimepanda au kimeshuka? Tulikuwa na boti hapa ambayo kila siku kulanti ilifurika, tukadhani gasketi ya silinda hedi. Kumbe koili ilikuwa na tundu la sindano. Pampu ya maji ya kunywa ya boti hukata kwenye psi 40 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo), mfuniko wa kulanti ni psi 13. Kwa hiyo pampu ikiwa imewashwa, maji ya kuogea ndiyo yanaingia kwenye injini na kuifukuza kulanti. Ukizima pampu na kufungua bomba, injini ikiwa moto, mambo yanageuka, kulanti inakuja jikoni. Onjeni kwa macho, siyo kwa ulimi.

#39 Ngama_Kavu
Wakuu nimerudi. Nimefanya yote kwa mkupuo kwa sababu kesho boti inahamishwa boya: nimeishusha mipira ipite chini ya betri, nimesukuma maji kwenye koili (yalitoka na uchafu wa rangi ya chai, siyo mwingi), nimekaza fenibelti, ilikuwa inacheza kidogo, nimejaza kwa faneli kama Spana alivyosema, halafu tumetoka na mzigo hadi karibu na daraja na kurudi.

Sasa mipira yote miwili ni moto. Tangi ukiligusa kwenye kiunganishi cha juu unaondoa mkono. Lakini bomba la bafuni linatoa maji ya vuguvugu tu. Na kichupa kimepanda kidogo.

#40 Spana14
Hewa. Nilisema.

#41 Baharia_Rotterdam
Mzigo. Nilisema.

#42 Bint_Mtwapa
Uchafu wa rangi ya chai umetoka wapi, hewani?

#43 Fundi_Gerezani
Beliti ilikuwa inacheza jamani, someni.

#44 Mutrah_Kwetu
Kichupa kupanda injini ikiwa moto ni kawaida, kulanti inatanuka. Weka alama ya kalamu asubuhi ikiwa baridi, acha pampu ya maji ya kuogea ikiwa imewashwa siku nzima bila kuwasha injini, kisha tazama alama. Ikipanda bila moto, koili imetoboka.

#45 MzeeWaKusi
Na klipu zote zikazwe upya sasa mpira umepata moto na kupoa. Mpira mpya hukaa chini kidogo.

#46 Ngama_Kavu
Alama nimeweka, klipu nitakaza alfajiri. Lakini vuguvugu la bafuni?

#47 Bint_Mtwapa
Kama tangi ni moto na bomba ni vuguvugu, tazama valvu ya kuchanganya. Inapunguza maji ya nyuzi 80 yasimbabue mtu kwa kuongeza ya baridi, na chokaa ikiingia valvu inakwama ikiwa imefungulia ya baridi. Kuna kirungu cha kuzungusha juu yake.

#48 Ngama_Kavu
Iko wapi? Mbele ya tangi sioni kitu.

#49 Baharia_Rotterdam
Kwenye boti nyingi nilizoshika iko nyuma ya tangi, upande wa ubavu. Inabidi ulegeze tangi.

#50 Ngama_Kavu
Ili nilegeze tangi si lazima nichomoe mipira?

#51 Kiroboto
😂😂😂 Mfuko mweusi, lita 20.